Kamera ya Kompyuta Inayovaliwa: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua au Kupokea Msaada

Vifaa vya elektroniki hupokelewa kwa furaha parokiani, hupigwa picha, kisha vingi huishia kabatini. Mara nyingi sababu si uzembe. Kifaa kilichaguliwa kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi, bila kuuliza ni kazi gani mlengwa atakayokifanyia. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua kamera kwa ajili ya kompyuta inayovaliwa, hasa ile inayokusudiwa kumsaidia mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu kusoma na kutembea. Hatutatumia maneno mengi ya kitaalamu, ila zipo hesabu chache ambazo kila kamati inaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi.

Kompyuta inayovaliwa ni nini?

Ni kompyuta ndogo inayokaa mwilini mwa mtu wakati anaendelea na shughuli zake: kwenye miwani, kwenye kofia, kifuani au kiunoni. Kamera huchukua picha ya kilicho mbele yake, kompyuta huichambua, na mtumiaji hupewa jibu kwa sauti sikioni. Wazo hili si jipya. Steve Mann wa Kanada alianza kujitengenezea vifaa vya namna hii tangu ujana wake. Mwaka 1994, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alianza kurusha kwenye intaneti picha kutoka kamera aliyoivaa kichwani. Wakati ule vifaa vilikuwa vizito na vilihitaji antena. Leo kompyuta yenye uwezo mkubwa kuliko ile inatosha kwenye kiganja.

Anza na kazi, si na kamera

Kosa la kwanza katika manunuzi ni kudhani kwamba kamera yenye pikseli nyingi zaidi ndiyo bora. Pikseli ni nukta ndogo ndogo zinazojenga picha. Idadi yake ina maana pale tu ambapo kazi inazihitaji.

Tuchukue mifano miwili. Mwaka 1992 Peter Meijer wa Uholanzi alichapisha mfumo unaogeuza picha kuwa sauti, ambao leo unajulikana kwa jina la vOICe. Kila sekunde moja picha husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: kilicho juu hutoa sauti nyembamba, kilicho chini hutoa sauti nzito, na chenye mwanga mwingi husikika kwa nguvu. Picha yenyewe ilikuwa na nukta 64 kwa 64 tu. Mfano wa pili ni Argus II ya kampuni ya Second Sight ya Marekani. Hicho kilikuwa kifaa kilichopandikizwa ndani ya jicho, kikipokea picha kutoka kamera iliyo kwenye miwani kupitia kompyuta ndogo iliyovaliwa mwilini. Kilikuwa na vituo 60 tu vya kusisimua neva. Hata kama miwani ile ingefungwa kamera ya mamilioni ya pikseli, mtumiaji angepata nukta zile zile 60.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati liwe hili: mlengwa wetu anataka kufanya nini? Kusoma barua na vitabu? Kutambua noti na dawa? Kutembea njiani? Kila kazi ina kamera yake.

Kusoma maandishi: hesabu ya herufi

Programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha huhitaji herufi iwe na ukubwa wa kutosha. Kwa kawaida herufi ndogo, kama vile "a" au "e", ikifika kimo cha pikseli 20 hivi husomwa vizuri. Ikishuka chini ya 10 makosa huwa mengi mno. Katika kitabu chenye maandishi ya kawaida, kimo cha herufi hiyo ni karibu milimita 2.

Sasa tufanye hesabu kwa kutumia kamera za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza inayotumiwa sana na mafundi na wanafunzi. Kamera yake iliyotoka mwaka 2023 ina upana wa pikseli 4,608, na lenzi yake ya kawaida huona pembe ya nyuzi 66 kwa mlalo. Kitabu kikiwa sentimita 40 kutoka kamera, lenzi hiyo huona eneo lenye upana wa sentimita 52 hivi. Gawanya 4,608 kwa 52: unapata pikseli 88 hivi kwa kila sentimita, yaani herufi yetu ina kimo cha pikseli 18. Inakaribia kutosha. Kitabu kikisogezwa hadi sentimita 30, herufi hufika pikseli 23, na kazi inafanyika.

Kamera hiyo hiyo inauzwa pia ikiwa na lenzi pana ya nyuzi 102. Wengi huichagua kwa sababu "inaona zaidi." Lakini kwa sentimita 40 lenzi hiyo huona upana wa karibu mita moja, na pikseli zile zile sasa zimetawanywa juu ya meza nzima. Herufi inabaki na pikseli 9 tu. Na kamera ya video yenye upana wa pikseli 640, hata ikiwa na lenzi ya kawaida, huipa herufi pikseli mbili au tatu. Hakuna programu itakayoisoma.

Jambo la pili ni fokasi, yaani uwezo wa lenzi kuona wazi kwa umbali fulani. Kamera za Raspberry Pi za mwaka 2013 na 2016 huwekwa fokasi kiwandani kwa ajili ya vitu vya mbali, hivyo ukurasa ulioshikwa mkononi hutoka na ukungu. Ile ya mwaka 2023 hujirekebisha yenyewe na huona wazi kuanzia sentimita 10. Kwa msomaji, tofauti hii ina uzito kuliko idadi ya pikseli. Picha yenye ukungu haisomeki hata ikiwa na pikseli milioni 50.

Habari njema ni kwamba Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida bila alama za juu na chini, jambo linalorahisisha kazi ya mashine. Programu huria ya Tesseract ina faili la lugha ya Kiswahili, na programu huria ya eSpeak NG inaweza kutamka Kiswahili. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti. Sauti ya eSpeak NG ni ya mashine, nayo huhitaji kuzoewa, lakini haidai vocha.

Kutembea: mwendo na ucheleweshaji

Mtu anayetembea hana haja ya kuona kila herufi. Anahitaji kujua mapema kwamba mbele kuna nguzo, mtaro au baiskeli iliyoegeshwa. Hapa picha ya pikseli 640 kwa 480 inatosha, lenzi pana inafaa, na kilicho muhimu ni muda.

Mtu hutembea takribani mita moja kwa sekunde. Kama kuna nusu sekunde kati ya kamera kuona na sikio kusikia, mtumiaji ameshasogea nusu mita. Ucheleweshaji ukifika sekunde mbili, onyo linakuja akiwa tayari ameingia mtaroni. Kabla ya kununua, pima: weka kikwazo, mwambie mtu anayeona avae kifaa na kutembea, kisha hesabu hatua kati ya kikwazo kuonekana na sauti kutoka.

Kamera nyingi za bei nafuu husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Mvaaji anapotembea, mwili hutikisika kabla mstari wa mwisho haujasomwa, na nguzo iliyonyooka huonekana imepinda. Zipo kamera zinazonasa mistari yote kwa mara moja. Mojawapo ilitolewa na Raspberry Pi mwaka 2023, lakini ina pikseli milioni 1.6 tu, na haiwezi kusoma ukurasa mzima wa kitabu. Hapo tunaona tena kwamba kamera moja haifanyi kazi zote kwa ubora ule ule.

Neno moja la msisitizo: hakuna kamera inayochukua nafasi ya fimbo nyeupe. Fimbo haiishiwi chaji, haiogopi giza, na hugusa shimo kabla ya mguu. Mradi wowote unaomwambia mlengwa aache fimbo yake nyumbani usikubaliwe.

Njia tatu za kuingiza picha kwenye kompyuta

Kamera peke yake haitoshi. Lazima picha ifike kwenye kompyuta, na hapa ndipo miradi mingi hukwama.

Njia ya kwanza ni utepe mwembamba unaounganisha kamera moja kwa moja na bodi ya kompyuta. Ndiyo inayotumiwa na kamera za Raspberry Pi tulizozitaja. Faida yake ni kwamba picha hufika haraka bila kuisumbua sana kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba utepe huo hutengenezwa mfupi na haukukusudiwa kukunjwa mara kwa mara. Kamera ikiwa kichwani na kompyuta kiunoni, utepe utakatika. Njia hii inafaa pale kamera na kompyuta vinapokaa pamoja kwenye boksi moja, kwa mfano kifuani.

Njia ya pili ni waya wa USB. Waya huu ni imara, unapatikana madukani, na ukikatika fundi wa kawaida anabadilisha. Hakikisha kamera inafuata kiwango cha UVC, maana kamera za namna hiyo hutambuliwa na kompyuta bila kuhitaji programu maalumu ya kampuni. Hata hivyo, USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Video ya pikseli 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, bila kubanwa, huhitaji megabiti 147 hivi. Hiyo inapita. Video ya 1920 kwa 1080 kwa fremu hizo hizo huhitaji karibu megabiti 1,000. Hiyo haipiti mpaka ibanwe kwanza ndani ya kamera, kisha kompyuta ifanye kazi ya kuifungua, na kazi hiyo hula chaji na kuongeza ucheleweshaji. Kwa hiyo maneno "HD kamili" kwenye boksi yasiwatie haraka.

Njia ya tatu ni kadi ya kunasa video, yaani kifaa kinachopokea picha kutoka kamera nyingine na kuigeuza ili kompyuta iielewe. Zamani kadi hizi zilipokea mawimbi ya analojia, yale yale ya televisheni za nyumbani: mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Urushaji wa analojia ulianza kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ulizimwa mwaka 2015, lakini kamera na kadi za aina hiyo bado huonekana katika makontena ya misaada. Kwa shukrani zote kwa watoaji, ushauri wetu ni kutozipokea kwa ajili ya kazi hii. Ni nzito, zinakula umeme, na nyingi zinahitaji programu za kompyuta za zamani. Kadi mpya za HDMI zipo na zinafanya kazi, lakini zinaongeza kifaa cha tatu, waya wa pili na uzito ambao mvaaji ataubeba siku nzima.

Umeme, joto na uzito

Betri ya akiba iliyoandikwa mAh 10,000 ina nguvu ya wati-saa 37. Baada ya kutoa zile zinazopotea wakati wa kugeuza umeme, hesabu 28 hivi. Kompyuta ndogo na kamera zikitumia wati 3, betri itadumu saa 9. Zikitumia wati 6 kwa sababu ya video kubwa, itadumu chini ya saa 5. Kwa kijiji kinachochaji kwa sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mlengwa atatumia kifaa kila siku au siku za Jumapili tu. Dawa yake ni rahisi: kamera ya kusoma isiendeshe video muda wote. Ipige picha moja mtumiaji anapobonyeza kitufe.

Joto nalo lisisahauliwe. Bodi za Raspberry Pi hujipunguzia mwendo zinapofika nyuzijoto 80 hivi. Ndani ya boksi la plastiki lisilo na matundu, kwenye jua la mchana, kifaa kilichofanya kazi vizuri ofisini kitazubaa barabarani. Kijaribuni nje, saa nane mchana.

Kuhusu mahali pa kuvaa, kamera ya kichwani huelekea anakogeuka mtu, na ya kifuani hutulia zaidi lakini hufunikwa na khanga au koti. Mtumiaji mwenyewe aulizwe. Kifaa kinachoumiza masikio au kinachomfanya ajione kituko sokoni kitavuliwa, hata kama kiligharimu mamilioni.

Mtengenezaji akifunga milango?

Hili ndilo swali ambalo wafadhili husahau mara nyingi. Argus II ilipata kibali Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Zaidi ya watu 300 walipandikizwa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kuitengeneza, na mwaka 2020 ilikaribia kufilisika. Watumiaji walibaki na vifaa ndani ya macho yao bila vipuri wala mtu wa kuwapigia simu. Miwani ya Google Glass, ambayo baadhi ya vifaa vya wasioona vilijengwa juu yake, ilisitishwa kuuzwa mwezi Machi 2023, na msaada wake wa kiufundi ukakoma Septemba mwaka huo huo.

Hizo zilikuwa kampuni zenye fedha na wataalamu. Mradi wa parokia unahitaji tahadhari zaidi. Chagueni vifaa ambavyo vipuri vyake vinapatikana katika mji wa karibu, programu zake ni huria, na kazi yake haikomi intaneti inapokatika. Kwa hesabu tu, simu ya video yenye kilobiti 500 kwa sekunde hutumia megabaiti 225 hivi kwa saa. Je, nani atalipia baada ya mradi kuisha?

Kwa sababu hizo tunashauri kamati zianze na kitu kilicho karibu: simu janja iliyotundikwa kifuani kwa mkoba wenye tundu la kamera. Simu nyingi za sasa zina kamera yenye fokasi ya kujirekebisha, betri, kipaza sauti na fundi kila mtaa. Programu za bure kama Seeing AI ya Microsoft na Lookout ya Google zimetengenezwa kwa ajili ya wasioona. Zijaribiwe kwanza na maandishi ya Kiswahili. Pale ambapo simu itashindwa, mtajua hasa mnatafuta nini.

Heshima ya wanaopigwa picha

Kamera inayovaliwa huona kila kitu: mgonjwa zahanati, watoto shuleni, mtu anayelia kanisani. Anayeivaa hana nia mbaya, lakini picha zikihifadhiwa au kutumwa nje, madhara yanaweza kumfikia mtu ambaye hakuulizwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla ya sheria, ipo heshima ya jirani. Kifaa bora ni kile kinachosoma picha na kuifuta papo hapo, bila kuituma popote. Kamati iwatangazie waamini kifaa hiki ni cha nini, na iweke wazi mahali ambapo kitazimwa.

Maswali kwa kamati kabla ya kutia sahihi

1. Mlengwa ameulizwa anataka kufanya kazi gani, naye ameshakijaribu kifaa?
2. Kwa umbali atakaoshika kitabu, herufi ndogo itapata pikseli ngapi?
3. Je, fokasi hujirekebisha yenyewe?
4. Sauti huchelewa kwa muda gani?
5. Kamera inaungwa kwa njia gani, na waya ukikatika unapatikana wapi?
6. Betri hudumu saa ngapi, na itachajiwa na nani?
7. Kinafanya kazi bila intaneti na kwa Kiswahili?
8. Picha zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuziona?
9. Mtengenezaji akiacha kukitengeneza, kitaendelea kufanya kazi?
10. Bajeti ina fungu la matengenezo na mafunzo kwa angalau miaka miwili?

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja. Mkitaka kutuma kifaa, tuandikieni kwanza jina na aina yake, ili kamati ijibu maswali haya kabla fedha za usafirishaji hazijatumika. Kwa wanakamati, msione haya kukataa msaada usiofaa. Kukataa kwa adabu na kueleza sababu ni uwakili mwema wa mali mliyokabidhiwa, na humwepusha ndugu yetu asiyeona na ahadi ambayo kifaa hakitaweza kuitimiza.